Kuku wa Darasa la Pili

Hapo zamani, na msiniulize zamani ipi, maana simu zilikuwepo ila mtandao ulishikika juu ya kichuguu kimoja tu nyuma ya zahanati, palikuwa na mwalimu katika kijiji cha Kidunzi, kwenye miteremko ya Uluguru. Aliitwa Mwalimu Editruda. Alifundisha darasa la pili, watoto thelathini na wanane kwenye madawati kumi na moja. Hesabu ya makalio kwa kila dawati fanyeni wenyewe, mimi nina hadithi ya kusimulia.

Mwalimu Editruda alikuwa na ugonjwa mmoja ambao wenzake hawakuwa nao. Alitaka wazazi wajue watoto wao wanafanya nini darasani. Wenzake wakamwambia, "Dada, mzazi wa hapa ukimwona shuleni ujue kuna ugomvi au kuna pilau." Hakusikia. Akaitisha kikao, wakaja wazazi wanne, na mmoja wao alikuwa anaelekea mashineni kusaga akaona afadhali apumzike kidogo. Akaandika barua, barua zikawashia moto wa chai. Akafungua kundi la simu, akaweka picha za watoto wakihesabu vijiti. Kundi likajaa salamu za asubuhi zenye maua, tangazo la mbegu za maharage, na baba mmoja aliyeuliza kila siku hili ni kundi la nini.

Ndipo Mwalimu Editruda akaja na akili ya kuku.

Alimtoa nyumbani kwake, tetea mwekundu, mnene, mpole, ambaye mguu wa kushoto ulikosa kidole kimoja. Panya alikila kidole hicho kuku huyo angali kifaranga. Watoto wakampa jina la Makamu, kwa sababu Mwalimu akitoka kufuata chaki, kuku ndiye aliyebaki juu ya meza akiwatazama, na darasa lilitulia kuliko lilivyotulia kwa Makamu Mkuu mwenye mshahara. Makamu Mkuu mwenye mshahara alinuna muhula mzima.

Kanuni ilikuwa hivi. Kila Ijumaa Makamu aliingia kwenye tenga, akaenda kulala kwa mtoto mmoja mpaka Jumatatu. Pamoja naye lilikwenda daftari. Mwalimu aliandika humo mambo ya wiki: tumejifunza kujumlisha kwa kubeba, Kanuti amemwazima mwenzake kifutio bila kuombwa, Zainabu ameimba peke yake kwa mara ya kwanza. Na wale wa nyumbani nao waliandika: Ijumaa Makamu alifanya nini, Jumamosi alifanya nini, Jumapili alifanya nini. Jumatatu Mwalimu alilisoma mbele ya darasa zima. Barua unaweza kuitia motoni bila kuisoma. Kuku akiingia uani kwako na daftari lake, hata uwe mgumu namna gani, utauliza ameleta habari gani.

Basi wazazi wakasoma. Jamani, wakasoma mpaka wakaitana. Na wakaandika. Hapo ndipo balaa lilipoanza, maana mtu akijua yatasomwa mbele za watu haandiki yaliyotokea, anaandika yaliyompendeza. Baba yake Kanuti, anayelala kwenye mkeka, aliandika kwamba Makamu alilala kwenye godoro. Mama yake Zainabu aliandika kwamba Makamu alikula wali kwa maharage ya nazi, akabakiza. Mzee mmoja aliyekuwa na kesi ya mpaka na jirani yake akaandika ukurasa na nusu: "Jumamosi Makamu alizunguka shamba akashangaa sana kuona jiwe la mpaka limesogezwa."

Na Mwalimu Editruda, badala ya kucheka, aliweka maoni kwa wino mwekundu. Kwa akina Kanuti: "Hongereni, nyinyi ni wakarimu kupindukia." Kwa akina Zainabu: "Mfano wa kuigwa." Kwa nyumba moja iliyosema ukweli kwamba Makamu alikula pumba na akashinda uani, aliandika: "Makamu amerudi amekonda kidogo." Maneno manne tu. Mama wa nyumba ile alipita njia ya mtoni mwezi mzima ili asikutane na watu.

Sasa tuje kwa Semeni. Semeni alikuwa na miaka minane, mkimya, na mwaka mzima hakuwahi kuandika sentensi nzima. Mwambie andika "Baba analima shamba", ataandika jina lake, Semeni Desderi, vizuri kabisa, kisha ataweka penseli chini akutazame. Mwalimu alimbembeleza, jina tu. Alimkaripia, jina tu. Alimhamishia mbele, akamhamishia nyuma, jina tu. Ilipofika Novemba Mwalimu akaandika orodha ya watakaorudia darasa, na orodha nzima ilikuwa na mtu mmoja.

Kurudia darasa Kidunzi si jambo dogo. Mtoto akirudia, mdogo wake anamkuta, na watu wazima wanaanza kusema huyu wa kike afadhali ashike jembe mapema. Binti wa nyumba ya jirani na akina Semeni alirudia mara mbili, na mara ya tatu hakurudi shule kabisa. Mwalimu Editruda alilijua hilo. Lilimuuma, na ndiyo maana aliamua kwenda mwenyewe kuwaambia wazazi kwa mdomo, wakae chini watafute njia kabla orodha haijafungwa.

Akaenda kwanza kwa Mwalimu Mkuu, Mwalimu Kobelo, mtu wa suti moja na ushauri mwingi. Mwalimu Kobelo akamwambia, "Nenda Jumamosi, na usitoe taarifa. Ukitoa taarifa utakuta nyumba imevaa nguo za sikukuu. Na wakikukaribisha chakula, kula. Usije ukaiaibisha shule."

Jumamosi hiyo, kwa zamu, Makamu alikuwa kwa akina Semeni.

Mama yake Semeni alikuwa ameenda matangani upande wa pili wa mlima. Nyumbani walikuwepo Semeni, baba yake Desderi, na bibi yake mzaa mama, Bibi Apolonia, mwenyekiti wa akina mama kanisani, mwenye nyumba, mwenye shamba na mwenye neno la mwisho. Desderi alikuwa ameoa hapo. Shamba la ukoo wa mke, nyumba ya mama wa mke, na yeye Desderi alikuwa na jembe lake, redio yake na adabu zake.

Mwalimu Editruda alipiga hodi jua likiwa utosini. Bibi Apolonia alitoka, akamwona, akatabasamu kwa meno yote, na moyoni akafa. Ndani kulikuwa na mlenda. Mlenda wa jana. Na kuku wa kijiji kizima walikuwa wamefyekwa na ugonjwa wa mdondo miezi miwili kabla, hata ungezunguka nyumba ishirini usingepata manyoya. Makamu alipona kwa kuwa Mwalimu alimpeleka kuchanjwa.

"Karibu, Mwalimu. Karibu sana. Leo umetuheshimu," alisema Bibi Apolonia, akamkalisha kwenye kiti chenye mto. Akaingia jikoni. Akatoka mlango wa nyuma.

Mwalimu Editruda alikaa. Alitazama ukuta, akaliona daftari limetundikwa kwenye msumari. Akasikiliza nje. Alisikia kelele za kufukuza, kisha kimya, kisha sauti ndogo ya Semeni ikiita "kuru kuru kuru", kisha kimya tena. Hakufikiri kitu. Yaani, alifikiri kidogo, akaacha.

Alikaa saa nzima na nusu, akipanga maneno yake. Ataanza na shukrani, kisha aseme Semeni ni mtoto mzuri, kisha aseme lakini. Alikuwa ameshafika kwenye "lakini" pale Desderi alipoleta maji ya kunawa na Bibi Apolonia akaweka bakuli mezani akalifunua.

Nyama ya kuku, kwa mchuzi mzito wenye nyanya. Na juu kabisa, imewekwa peke yake ili ionekane, firigisi. Firigisi, ambayo Desderi hakuwahi kuionja tangu aoe hapo, kwa sababu katika nyumba ile kila alipochinjwa kuku palikuwa na mtu mkubwa kuliko yeye. Bibi Apolonia aliichukua kwa mkono wake akaiweka kwenye sahani ya Mwalimu.

Mwalimu Editruda alifungua mdomo kuuliza Makamu yuko wapi. Alijua habari za mdondo. Alijua hakuna kuku kijijini. Alisema moyoni, labda wamenunua gulioni. Alijua Jumamosi si siku ya gulio. Mchuzi ulinukia, njaa ilimshika, na mdomo ulikuwa umeshafunguka. Akala.

Alikula firigisi, akala kidari, akafyonza mfupa. Semeni alipewa mguu, wa kushoto. Aliutazama mguu ule, akahesabu vidole, akaurudisha bakulini polepole na kunawa mikono. Bibi akamfinya chini ya meza. Mwalimu aliliona hilo, akatazama pembeni, akaomba mchuzi kidogo.

Walipomaliza, Desderi akasema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone," wakacheka. Kisha akauliza, akiwa na wasiwasi wa mtu anayependa mtoto wake, "Mwalimu, na huyu binti yetu anaendeleaje?"

Hapa ndipo kwenye "lakini". Mwalimu Editruda alilitafuta neno lile. Lilikuwa limelala chini ya kidari. Utamwambiaje mtu kwamba mtoto wake amefeli, na vidole vyako bado vina mafuta ya kuku wake? Akasema, "Anaendelea vizuri."

Bibi Apolonia alimshukuru Mungu kwa sauti. Akafunga paja moja zima kwenye jani la mgomba akasema, "Hili umpelekee Mwalimu Mkuu. Mwambie Apolonia anamsalimu." Na Mwalimu akalibeba paja, akashuka mlima akiwa na mzigo huo mkononi na mwingine tumboni.

Jumapili Desderi alitembea vijiji vitatu akitafuta tetea mwekundu. Hakupata tetea, hakupata jogoo, hakupata yai. Jioni akamwambia Semeni, "Kesho wakiuliza, sema kaliwa na nguchiro." Semeni hakujibu. Niliwaambia alikuwa mkimya. Desderi akaridhika, maana mtu mzima akinyamaziwa na mtoto hudhani amekubaliwa.

Jumatatu tenga lilirudi tupu, na daftari ndani yake. Watoto thelathini na saba walichungulia tenga. "Makamu yuko wapi?" Semeni alikaa mahali pake. Mwalimu Editruda akajikaza, maana mwalimu akikosa la kusema hufungua kitabu. Akasema, "Tusome daftari, tutajua." Alidhani Desderi amemsingizia mnyama wa porini, labda nguchiro. Kwa kweli aliomba iwe nguchiro.

Akafungua, akaona mwandiko wa mtoto, herufi kubwa mahali pake na nukta mahali pake. Furaha ilimpanda kabla akili haijafika. Akaanza kusoma kwa sauti.

"Ijumaa Makamu alikula pumba."

Darasa likapiga makofi, Semeni ameandika.

"Jumamosi Mwalimu alimla Makamu."

Alikuwa ameshalitamka lote. Jicho lake, kwa mazoea ya kazi, likashuka kwenye mstari wa tatu, na mdomo ukalifuata.

"Jumapili tulikula mlenda."

Kanuti, mtoto muungwana, aliyemwazima mwenzake kifutio, aliinua mkono. "Mwalimu," aliuliza, "alikuwa mtamu?"

Hapo wengine wakaanza kulia. Walilia darasa zima, kila mtu kwa sauti yake, mpaka la tatu wakaja kuchungulia. Semeni peke yake hakulia. Aliweka penseli mezani, akakunja mikono, na tangu saa ile hakuishika tena. Jumanne Mwalimu alimwomba aandike kitu kingine, chochote. Aliitazama penseli kama mtu anayetazama kisu. Kwa mwaka mzima hakuwa na jambo la kusema, siku aliyopata jambo akalisema, na tazama lilivyoleta vilio.

Sasa sikilizeni vizuri. Afisa Elimu Kata alikuwa anakuja Jumatano. Anakuja kufunga orodha ya wanaorudia, na anakuja kumwona kuku, kwa sababu Mwalimu Kobelo alijigamba kwenye mkutano wa wakuu wa shule kwamba yeye, Kobelo, amebuni kuku wa darasa. Jumatano asubuhi Mwalimu Kobelo akawaita ofisini Mwalimu Editruda, Desderi na Bibi Apolonia. Semeni aliachwa kwenye benchi nje ya mlango. Mlango wa ofisi ile haufungi.

Mwalimu Kobelo aliweka daftari mezani, limefunguliwa, na kalamu juu yake. "Mimi niko hapa kuamua tu," alisema. "Ukurasa huu ndio ushahidi pekee kwamba mtoto anaandika. Nikimwonyesha afisa, mtoto anapanda la tatu. Lakini afisa atauliza, je, haya ni kweli? Ukurasa unaosema mwalimu amemla kuku wa wanafunzi, usio na jina la mtu mzima chini yake, atasema mtoto ameongopa, au ameandikiwa. Nataka mtu mmoja aandike hapa chini: haya ni kweli, kosa ni langu. Mmoja anatosha. Vinginevyo naufumbia macho ukurasa, tunasema nguchiro, na mtoto anarudia."

Hakuna aliyeigusa kalamu. Atakayeandika ataitwa mla kuku wa watoto mpaka siku ya kuzikwa, na Kidunzi hawasahau hata jiwe la mpaka.

Desderi alikuwa wa kwanza kusema, akiwa ameelekeza uso dirishani, maana hakuwahi kumtazama mama mkwe wake usoni. "Kisu nilishika mimi, sikatai. Lakini mimi pale nimeoa, sikuzaliwa. Mama akisema chinja, niseme nini? Nikikataa, jioni nabeba redio yangu. Aliyeshika kisu ni mkono tu. Mwenye mkono alikuwa mwingine. Na hiyo firigisi mimi hata harufu yake niliipata kwa mbali."

"Ni kweli niliamuru," alisema Bibi Apolonia. "Na nitasema kwa nini. Niliona aibu. Huyu mwalimu amekuja kwangu bila taarifa, saa ya kula, na ninajua kalamu yake nyekundu. Kwa akina Kanuti aliandika wakarimu kupindukia. Kwa mwingine akaandika kuku amekonda, na yule mama hadi leo anapita mtoni. Nimpe mlenda wa jana halafu Jumatatu nisomwe mbele ya watoto thelathini na wanane, wanisome tena kwenye nyumba thelathini na nane? Nina miaka sitini na saba, sijawahi kumtoa mgeni kwangu na njaa. Nilikuwa na wageni wawili, mmoja ana manyoya na mwingine ana kitabu cha mahudhurio. Nikamchinjia mkubwa mdogo. Aandike yeye aliyenitia hofu. Na zaidi ya hapo, alituambia mtoto anaendelea vizuri. Alikula akatudanganya."

Mwalimu Editruda maneno yale yalimwingia. Kwa muda alitaka kuinama na kulia, kwa sababu lile la mwisho lilikuwa kweli tupu. Lakini alikuwa na miaka kumi na minne kazini, na kwenye faili lake hamkuwa na doa hata moja. Akanyoosha mgongo. "Mgeni hachagui, Bibi. Ningekataa chakula chako mngesema mwalimu ana maringo. Nilikuja bila taarifa kwa sababu mkipewa taarifa mnaandika wali kwenye daftari na kupika pumba. Na nilitumwa. Mwalimu Mkuu mwenyewe aliniambia usitoe taarifa, na ukikaribishwa ule. Kuku ni mimi niliyemtoa kwangu, nikamchanja, nikamfundisha kukaa mezani. Mnadhani mimi sina uchungu naye? Mimi nilikula nyama. Kuku mliniondolea nyinyi."

"Mimi nilisema kula," alidakia Mwalimu Kobelo. "Sikusema kula kuku. Nyie mmefanya makosa yenu huko mlimani, mimi nimekaa hapa hapa, msiniingize."

Bibi Apolonia akamgeukia taratibu. "Na lile paja, Mwalimu Mkuu, lilikufikia likiwa bado na joto?"

Mwalimu Kobelo alitazama ukuta, kwenye ramani ya Tanzania, akaitazama kwa muda mrefu hata mtu angedhani ameona mkoa mpya. Alikuwa amelila paja lile Jumamosi jioni, peke yake, mlango umefungwa, na mfupa akauvunja kupata uboho.

"Paja lilikuja limeshakatwa," alisema hatimaye. "Paja halina jina. Mwenye kukatiwa hajui lilikokatwa."

"Na mimi firigisi ilikuja imeshapikwa," alisema Mwalimu Editruda.

"Na mimi kuku alikuja ameshakamatwa," alisema Desderi.

"Na mimi mgeni alikuja ameshafika," alisema Bibi Apolonia.

Kalamu ikasukumwa. Bibi aliisukuma kwa Desderi, Desderi akaisukuma kwa Mwalimu, Mwalimu akaisukuma kwa Mwalimu Mkuu, Mwalimu Mkuu akasema yeye ni mwamuzi na akairudisha kwa Bibi. Bibi akasema macho yake hayaoni vizuri mistari, yeye anayesoma masomo kanisani kila Jumapili bila miwani. Ikazunguka hivyo mara tatu, na kila mmoja alikuwa anasema jambo la kweli.

Mlango ukasukumwa. Semeni aliingia, akawaamkia wote kwa pamoja, "Shikamooni," akapita kati ya kiti cha baba yake na cha Mwalimu. Akachukua ile kalamu. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Jumatatu kushika kitu cha kuandikia. Akainama juu ya ukurasa, chini kabisa, akaandika taratibu: Semeni Desderi.

"Mimi ndiye niliyemwita," alisema. "Bibi alimfukuza akashindwa. Baba alimfukuza akashindwa. Bibi akaniambia mwite. Nikamwita, akaja. Alikuja kwa sababu ni mimi." Akaweka kalamu mezani, akarudi kukaa kwenye benchi.

Desderi alijifunika uso kwa viganja. Bibi Apolonia alitafuta kitambaa kwenye kanga yake asikipate. Mwalimu Editruda alizitazama zile sentensi tatu zilizo juu ya jina, herufi zimesimama vizuri, mwaka mzima alizililia, na hakuweza kuzifurahia.

Mwalimu Kobelo akakohoa. "Hilo haliwezi kutusaidia," alisema. "Jina la mtoto afisa hatalihesabu. Na jina lake alikuwa anajua kuliandika tangu zamani."

Hapo wakasikia pikipiki ya afisa ikipanda mlima. Kutoka darajani mpaka shuleni kuna kona tatu, na ilikuwa imeshapita ya kwanza. Juu ya jina la Semeni palikuwa na mstari mmoja mtupu, na mezani kulikuwa na kalamu moja na mikono minane ya watu wazima, yote imetulia.

Nyinyi mliokula mkashiba ndio mnijibu, maana naona mwenye njaa hapa hayupo. Kati ya bibi aliyeamuru, baba aliyechinja, mwalimu aliyekula akanyamaza, na mwamuzi aliyekuwa na paja tumboni, je, nani alistahili kuandika jina lake juu ya jina la mtoto?